Kasoro fiche za nyumba kisiwani Pemba

Kasoro fiche za nyumba ni hitilafu za jengo, za kiwanja au za hati ambazo hazionekani kwa mtu anayeitazama nyumba kwa mara ya kwanza, lakini zinaathiri usalama, afya ya wakazi au thamani ya nyumba yenyewe. Kisiwani Pemba (Zanzibar, Tanzania) kasoro hizo hutokana hasa na maji ya mvua, chumvi ya bahari, mchwa, ujenzi wa awamu kwa awamu na historia ya umiliki wa ardhi.

Suala hili linawahusu wapangaji, wanunuzi na watu wanaojenga nyumba za kupangisha. Mpangaji hutakiwa mara nyingi kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na akigundua kasoro baada ya kulipa, ni vigumu kuhama. Mnunuzi huweka katika nyumba akiba ya miaka mingi, iwe ni fedha za karafuu, za biashara au zilizotumwa na jamaa walio nje ya kisiwa.

## Maana

Kasoro huitwa fiche ikiwa mtu makini hawezi kuiona bila kufungua, kupima au kuuliza. Ufa mpana ukutani si kasoro fiche. Ufa huohuo ukijazwa lipu na kupakwa rangi wiki moja kabla ya mnunuzi kufika, unakuwa kasoro fiche.

Tofauti hiyo ina uzito wa kimaadili na wa kisheria. Katika fikihi ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya karibu wakazi wote wa Pemba, muuzaji anatakiwa kueleza ila anayoijua katika kitu anachouza. Mnunuzi aliyepata kitu chenye ila ya zamani bila kuambiwa ana hiari ya kukirudisha. Hiari hiyo huitwa *khiyar al-ayb*. Katika sheria ya mikataba yenye asili ya Uingereza, mzigo wa kuchunguza huangukia zaidi mnunuzi, isipokuwa pale muuzaji alipodanganya. Kwa njia zote mbili, mtu aliyekagua mapema na kuweka maandishi anakuwa na nafasi nzuri kuliko yule anayelalamika baadaye kwa maneno matupu.

## Mazingira ya kisiwa

Pemba ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Zanzibar. Kina mikoa miwili: Pemba Kaskazini, yenye wilaya za Wete na Micheweni, na Pemba Kusini, yenye wilaya za Chake Chake na Mkoani. Idadi ya wakazi iliongezeka kutoka 406,848 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 543,441 katika sensa ya mwaka 2022. Ongezeko hilo limekuza mahitaji ya nyumba za kupanga katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, na limesukuma ujenzi kuelekea mabondeni na kwenye miteremko ambayo zamani haikujengwa.

Mvua ni nyingi. Masika huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei au Juni, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Sehemu kubwa ya magharibi na katikati ya kisiwa ina vilima vifupi vingi vilivyotenganishwa na mabonde ya mpunga. Udongo wa mabondeni mara nyingi ni kinamo, yaani udongo mzito wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Upande wa mashariki na kaskazini-mashariki kuna ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mchache juu yake. Hakuna sehemu ya kisiwa iliyo mbali na bahari, hivyo upepo wenye chumvi hufika karibu kila nyumba.

## Aina za nyumba na udhaifu wake

Kila aina ya nyumba ina mahali pake panapoficha kasoro.

* Nyumba za fito na udongo, zilizoezekwa kwa makuti au mabati. Nguzo huoza au huliwa na mchwa pale zinapoingia ardhini, huku sehemu ya juu ikionekana nzima. Nyumba nyingi za aina hii zimepigwa lipu ya saruji nje, na kwa sura hufanana na nyumba za matofali.
* Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, hasa katika sehemu za zamani za miji. Ufundi huu ni wa karne nyingi: magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini yanauonyesha. Kuta ni nene na hudumu, lakini hutegemea kupumua, yaani kuruhusu unyevu utoke. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kasoro hujificha kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani.
* Nyumba za maendeleo, yaani majengo ya ghorofa yaliyojengwa na serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Yanayojulikana zaidi ni ya Michenzani mjini Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Huko Pemba majengo ya namna hiyo yapo Wete, Chake Chake na Mkoani. Paa, ngazi na mabomba ni ya wakazi wote, kwa hiyo chanzo cha tatizo la nyumba moja kinaweza kuwa katika nyumba ya mtu mwingine ghorofani.
* Nyumba za matofali ya saruji na mabati, ambazo ndizo nyingi katika ujenzi wa sasa. Hujengwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kadiri fedha zinavyopatikana. Kuta zilizokaa misimu ya mvua bila paa, na nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo kwa kusubiri ghorofa, huanza kuharibika kabla nyumba haijakamilika.

## Kasoro za kawaida

### Unyevu ukutani

Unyevu ndio kasoro inayofichwa mara nyingi zaidi, kwa sababu rangi mpya hutosha kuufunika kwa miezi michache. Unaweza kutoka sehemu nne, na kila moja ina alama zake:

1. *Unyevu unaopanda kutoka ardhini* huonekana sehemu ya chini ya ukuta, kwa kawaida hadi kimo cha kama mita moja. Mpaka wake wa juu huwa kama mstari wenye chumvi nyeupe, na lipu hubanduka au kugeuka unga.
2. *Maji ya mvua yanayopenya* huacha madoa yanayoshuka kutoka darini, kwenye kona za madirisha au upande unaopigwa na mvua ya upepo. Huongezeka baada ya kila mvua kubwa.
3. *Bomba linalovuja* huacha doa moja lisilokauka hata wakati wa kiangazi.
4. *Mvuke wa ndani*, wa kupikia, kuogea na kupumua, huganda kwenye kona zisizo na hewa na nyuma ya makabati, na huleta kuvu nyeusi.

Kipimo rahisi cha kutenganisha unyevu wa ukuta na mvuke wa chumbani ni kubandika kipande cha nailoni ukutani, kuziba kingo zake zote kwa utepe, na kukiacha kwa siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele yake, unatoka katika hewa ya chumba.

Kosa la kawaida ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa ili "kuuziba". Saruji huzuia maji yasitoke, nayo hupanda juu zaidi na kuozesha ncha za boriti. Kwa hiyo ukuta mpya mweupe katika nyumba ya zamani unahitaji kukaguliwa kwa uangalifu hasa sehemu ya juu.

### Kutu ya nondo

Zege hulinda nondo kwa sababu ya asili yake ya nyongo, ambayo huzuia kutu. Chumvi ikiingia, kinga hiyo huvunjika. Chumvi hiyo hutoka kwenye upepo wa bahari, lakini pia inaweza kuwekwa ndani ya zege tangu siku ya kwanza ikiwa fundi alitumia mchanga wa pwani ambao haukuoshwa au maji ya kisima cha chumvi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, hivyo hulipasua zege kutoka ndani.

Dalili ya kwanza ni ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo kwenye nguzo, boriti au chini ya zege la ghorofa. Baadaye huja madoa ya rangi ya kutu, kisha vipande vya zege hudondoka. Kabla ya hapo, sehemu iliyoachana na nondo hutoa sauti ya uwazi ikigongwa kwa nyundo ndogo. Vibaraza na vidari vya madirisha ndivyo vinavyoathirika mapema, kwa kuwa zege lake ni jembamba na hupigwa na mvua.

### Nyufa na msingi

Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye lipu hutokana na lipu kukauka haraka. Nyufa zinazohitaji uchunguzi ni zile zinazoanzia kwenye kona ya mlango au dirisha na kupanda kwa mshazari, zinazofuata viungo vya matofali kama ngazi, zilizo pana upande mmoja kuliko mwingine, au zinazoonekana ndani na nje mahali palepale. Hizo huashiria kwamba sehemu ya msingi inashuka.

Pemba sababu zake ni za namna tatu. Ya kwanza ni kinamo kinachovimba na kusinyaa kwa misimu. Ya pili ni kiwanja kilichochongwa kwenye mteremko, ambapo nusu ya nyumba imekaa juu ya ardhi ya asili na nusu nyingine juu ya udongo uliojazwa. Ya tatu ni maji ya paa yanayomwagika kandoni mwa ukuta na kuuchimba msingi mwaka hadi mwaka.

Ili kujua kama ufa umelala au unaendelea, mafundi hupaka kipande chembamba cha lipu juu yake na kuandika tarehe. Kipande kikipasuka baada ya miezi kadhaa, nyumba bado inatembea. Milango isiyofungika vizuri na sakafu inayoviringisha gololi upande mmoja ni ushahidi mwingine.

### Mchwa na fukusi

Mchwa huingia kutoka ardhini kupitia njia nyembamba za udongo wanazozijenga juu ya kuta na ndani ya nyufa. Hula mbao kutoka ndani na kuacha ngozi ya nje. Fremu ya mlango iliyopakwa rangi inaweza kuwa tupu kabisa. Mkaguzi huichoma kwa bisibisi karibu na sakafu na kuigonga ili kusikia sauti. Mbawa za kumbikumbi zilizorundikana dirishani baada ya mvua za kwanza zinaonyesha kwamba kuna kiota karibu. Fukusi, kwa upande wao, huacha matundu madogo na unga laini chini ya kenchi na samani.

### Paa

Paa hukaguliwa kutoka ndani, saa za mchana, taa zikiwa zimezimwa: kila nukta ya mwanga ni tundu. Mabati ya karibu na bahari hushika kutu kwanza pale yanapopandiana na kuzunguka misumari. Dari mpya ya jasi au mbao chini ya paa la zamani huweza kuwa imewekwa kuficha madoa, ndiyo maana mkaguzi huomba kufungua sehemu ndogo ili aone kenchi.

Jambo linalosahauliwa ni jinsi paa lilivyofungwa ukutani. Visiwa vya Zanzibar havipigwi na vimbunga mara kwa mara, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024. Hata upepo wa kawaida wa kusi unaweza kung'oa paa lililokalia tofali bila kufungwa kwa mikanda ya chuma au waya.

### Umeme

Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa mwezi Juni 2010 kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli. Nyumba nyingi zilizotandazwa waya kwa ajili ya taa chache sasa zinabeba majokofu, pasi, pampu na viyoyozi. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata joto ndani ya ukuta bila mtu kuona.

Dalili ni soketi zenye joto au alama ya kuungua, taa zinazofifia pasi ikiwashwa, na fyuzi zilizobadilishwa kwa kipande cha waya. Kukosekana kwa waya wa ardhi hakuonekani kabisa mpaka mtu apigwe na umeme, kwa hiyo ni lazima fundi apime. Mkaguzi anaweza pia kuzima vifaa vyote na kuangalia mita ya TUKUZA: ikiendelea kuhesabu, kuna umeme unaovuja au kuna chumba kingine kilichounganishwa kwenye mita hiyo.

### Maji, karo na kisima

Nyumba nyingi hazina mfereji wa maji taka wa mji, hivyo hutegemea karo au choo cha shimo. Karo lililojaa au lililojengwa dogo hujulikana kwa maji kushuka polepole chooni, harufu wakati wa mvua, na majani kustawi sana mahali pamoja uani. Karo la zamani lililofukiwa na kujengewa chumba juu yake ni hatari zaidi, kwani sakafu inaweza kudidimia.

Umbali kati ya karo na kisima ni suala la afya, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa na maji yaliyochafuka. Umbali wa mita 30 hutajwa mara nyingi kama kiwango cha tahadhari. Hata hivyo, katika ardhi ya mawe ya matumbawe maji hupita haraka kwenye nyufa bila kuchujwa, kwa hiyo umbali peke yake hautoshi na maji ya kisima yanafaa kupimwa. Karibu na pwani kisima kinaweza pia kuwa kitamu wakati wa masika na cha chumvi wakati wa kiangazi.

Bomba linalovuja chini ya sakafu hugunduliwa kwa kufunga mifereji yote usiku na kutia alama kwenye kina cha tangi. Kina kikishuka hadi asubuhi, maji yanapotea njiani.

## Kasoro za hati na umiliki

Nyumba isiyo na ufa hata mmoja inaweza kuwa na kasoro kubwa kuliko zote katika karatasi zake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ya umma. Sheria Na. 12 ya mwaka 1992 kuhusu umilikaji wa ardhi iliendeleza msingi huo: ardhi iko chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, na mtu binafsi hupata haki ya kuitumia. Kwa hiyo mnunuzi hununua jengo na haki hiyo ya matumizi, naye anahitaji kuhakikisha kwamba haki ipo na inaweza kuhamishwa. Mambo yanayohitaji kuulizwa ni haya:

* Eka tatu. Mashamba yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi yalitolewa kwa masharti na kwa ajili ya kilimo. Kiwanja kilichokatwa kutoka shamba hilo na kuuzwa kwa karatasi ya mkono kinaweza kuleta mgogoro.
* Mirathi. Nyumba ya marehemu ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Ndugu mmoja akiiuza bila idhini ya wengine, wale walio Mombasa, Dar es Salaam au Oman wanaweza kurudi kudai haki yao baada ya miaka.
* Wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Huko Zanzibar mali hizo husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambako mnunuzi anaweza kuuliza.
* Miti. Kwa desturi ya Zanzibar miti inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye kiwanja. Mnunuzi anaweza kukuta minazi au mikarafuu ya uani ina mwenyewe mwingine anayekuja kuchuma.
* Njia na mipaka. Kijia cha kwenda kisimani au msikitini kinachopita uani hakiwezi kuzibwa kirahisi. Mipaka huthibitishwa kwa kuitembea pamoja na majirani na sheha.

Sheha ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa, kwa kuwa anazijua familia za shehia yake. Lakini barua ya sheha haichukui nafasi ya uchunguzi katika ofisi ya ardhi.

## Ukaguzi

Wakati bora wa kukagua nyumba ni katika masika au siku moja baada ya mvua kubwa. Nyumba iliyoonyeshwa Januari, ikiwa na rangi mpya, haijasema kitu kuhusu maji. Asiyeweza kusubiri mvua anaweza kuwauliza majirani maji hupita wapi na hufika kimo gani.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama: tochi, bisibisi, nyundo ndogo, pima maji, timazi, futi kamba, kipande cha nailoni na simu ya kupigia picha. Utaratibu unaofaa ni kuanza mbali na kumalizia karibu:

1. Kutazama kiwanja na mteremko: maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.
2. Kuzunguka nyumba nje, kuanzia msingi hadi paa.
3. Kuingia ndani na kulinganisha nyufa na madoa ya pande zote mbili za ukuta.
4. Kupanda darini.
5. Kupima umeme, maji na karo.
6. Kuwauliza majirani, mpangaji aliyetoka na sheha.
7. Kuchunguza hati.

Rangi mpya mahali pamoja tu, kabati zito lisilosogezwa, zulia kwenye kona na harufu kali ya udi au dawa chumbani si uthibitisho wa udanganyifu, bali ni sehemu za kuangaliwa tena. Dalali hulipwa nyumba ikichukuliwa, kwa hiyo maelezo yake hayatoshi. Penye nyufa pana, nguzo zilizopasuka au ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi wa nyumba ya chini, anahitajika mhandisi.

## Urekebishaji

Kanuni ya msingi ni kuondoa chanzo kabla ya kutengeneza sura. Ukuta ukipakwa rangi huku maji yanaendelea kuingia, kazi itarudiwa mwaka unaofuata.

*Unyevu wa ardhini* hupunguzwa kwa kushusha udongo wa nje uwe chini ya sakafu, kuweka mifereji ya paa, na kuchimba mtaro unaopeleka maji mbali na msingi. Lipu iliyoharibika hubanduliwa hadi juu kidogo ya mstari wa chumvi, chumvi hufagiliwa ikiwa kavu, na ukuta huachwa ukauke. Ukuta wa mawe hupigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa matofali usio na tabaka la kuzuia unyevu unaweza kukatwa na kuwekewa tabaka hilo kipande kwa kipande, kazi inayohitaji fundi mzoefu.

*Nondo zenye kutu* hufunuliwa kwa kuvunja zege bovu hadi nyuma ya chuma, husuguliwa mpaka ziwe safi, na nondo iliyopungua unene huongezewa nyingine. Kisha zege jipya hurudishwa kwa unene wa kutosha, kwa mchanga safi na maji yasiyo na chumvi, na kumwagiliwa kwa siku saba angalau. Kupaka lipu juu ya kutu ni kuificha tu.

*Msingi unaoshuka* hushughulikiwa kwanza kwa kuyaelekeza maji kwingine. Mara nyingi hatua hiyo peke yake husimamisha ufa, nao huzibwa baada ya kuthibitika kwamba umetulia.

*Mchwa* hudhibitiwa kwa kutenganisha mbao na ardhi, kuondoa mabaki ya mbao yaliyofukiwa, kukausha mahali penye unyevu, na kutia dawa ardhini kwa mikono ya mtaalamu, mbali na kisima.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, kipaumbele ni hiki: kwanza kinachoweza kuua (umeme, zege linalodondoka, karo lililo chini ya sakafu), pili kinachoingiza maji, tatu kinachobeba nyumba lakini kimetulia, na mwisho rangi na mapambo. Wenye nyumba wengi huanza na hicho cha mwisho kwa sababu ndicho mpangaji anachokiona.

## Hesabu ya mwekezaji

Kasoro fiche hubadilisha faida ya nyumba ya kupangisha. Kwa mfano wa hesabu tu, nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 40 na kupangishwa kwa shilingi 250,000 kwa mwezi huingiza milioni 3 kwa mwaka, sawa na asilimia 7.5. Paa na karo vikihitaji milioni 6, mtaji unakuwa milioni 46 na mapato yanashuka hadi asilimia 6.5. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili kwa ajili ya matengenezo, mwaka huo inabaki asilimia 5.4. Gharama hiyo ikijulikana kabla ya kununua, hupunguzwa kwenye bei. Ikijulikana baadaye, hulipwa na mnunuzi peke yake.

Wapemba wengi wanaoishi nje ya kisiwa hujenga kwa kutuma fedha kwa ndugu. Hapo kasoro huzaliwa wakati wa ujenzi: mifuko ya saruji hupungua kwenye mchanganyiko, au mchanga wa pwani hutumika. Picha za kila hatua kabla ya kufunikwa, hasa za msingi, nondo na mabomba, ni kinga nafuu, na hubaki kuwa kumbukumbu ya mahali vitu vilipo.

## Mpangaji na mwenye nyumba

Kwa desturi mwenye nyumba hutengeneza paa, kuta, msingi, karo na nyaya za ndani, na mpangaji hutunza vitu vya matumizi ya kila siku kama balbu, vitasa na usafi. Mgogoro hutokea pale mkataba ulipokuwa wa mdomo. Mkataba wa maandishi unaotaja nani anatengeneza nini, kwa muda gani, na kama gharama ya mpangaji itakatwa kwenye kodi, huwafaa wote wawili. Picha zilizopigwa siku ya kuingia humlinda mpangaji asidaiwe uharibifu wa zamani, na humlinda mwenye nyumba dhidi ya madai ya uongo.

Mpangaji pia ana wajibu wa kutoa taarifa mapema. Doa dogo la maji darini likitajwa mwezi wa kwanza ni kazi ya msumari na lami. Likinyamaziwa kwa misimu miwili ni kazi ya kenchi.

## Athari za kupuuza

Ajali kubwa huonyesha mwisho wa kasoro zilizoachwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Sehemu nyingine yake ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na mtaa wa Indira Gandhi lilianguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36.

Katika nyumba za kawaida za Pemba madhara huwa madogo kwa macho, lakini ni ya kila siku: watoto wanaokohoa katika vyumba vyenye kuvu, kisima kinacholetea familia maradhi kila masika, na akiba ya familia inayoliwa na matengenezo yaleyale mwaka baada ya mwaka.

## Tazama pia

* Pemba (kisiwa)
* Mji Mkongwe
* Chokaa
* Mchwa
* Wakfu